Mapigo Ambayo Sikuyasikia

Nakumbuka asubuhi niliyoandika kwenye kadi ya mama mjamzito kwamba moyo wa mtoto wake unapiga mara mia moja na arobaini kwa dakika, ilhali sikuwa nimeusikia. Sikuwa nimeusikia hata kidogo. Chombo cha kuusikilizia hakikuwa mezani kwangu. Kilikuwa kwenye mfuko wa aproni ya mkunga mkuu, ng'ambo ya ua wa hospitali. Niliandika kwa wino wa bluu na mwandiko wangu mzuri, kisha nikamwita anayefuata.

Mwanangu, nimekuwa daktari hapa Mtwara kwa zaidi ya miaka thelathini. Nimeandika tarakimu nyingi: presha, joto, uzito, dozi za dawa. Karibu zote zimenitoka kichwani. Hiyo moja haijatoka. Nakusimulia wewe unayejiandaa na mtihani wa leseni, kwa sababu Jumamosi iliyopita niliona kitu nyumbani kwangu kikanirudisha kwenye meza ile.

Unajua kwamba madaktari vijana walio mafunzoni huja kwangu Chuno kila Jumamosi kusoma pamoja. Hukaa barazani, huulizana maswali ya mitihani iliyopita kutoka kwenye simu, na mimi huwa mgonjwa wao wa bandia. Siku hiyo zamu ilikuwa ya Rukia, binti mwerevu kuliko wenzake wote. Alibonyeza saa ya simu yake, akanigeukia.

"Mama, habari za leo?"

"Nzuri."

"Tatizo lako lilianza lini?"

Wenzake wakaangua kicheko. "Rukia wewe! Mama wa watu amesema nzuri, unamtafutia tatizo!"

"Muda, jamani," Rukia akajibu bila kuinua macho. "Dakika saba hizi. Salamu hazina maksi."

Nilicheka pamoja nao. Kisha nikasema nakwenda kuangalia chungu jikoni, nikakaa huko peke yangu kwa muda mrefu kuliko chungu kilivyohitaji. Ndiyo maana leo naandika.

Mimi nilisomea udaktari nje, katika nchi ya baridi, miaka sita bila kurudi. Nilipofika nyumbani Mikindani, mama yangu alikuwa ameshanitangaza mtaa mzima kuwa mimi ni daktari. Karatasi zilisema vingine. Sisi tuliosomea nje tulitakiwa tufanye kazi hospitalini chini ya usimamizi, tujaze kitabu cha mafunzo, kisha tufanye mtihani wa leseni. Bila leseni hiyo ulikuwa msomi mwenye koti jeupe tu. Hukuruhusiwa kumtibu mtu kwa jina lako mwenyewe.

Nilifanya mtihani huo mara ya kwanza nikafeli. Sehemu ya kuandika nilifaulu vizuri. Kilichoniangusha ni sehemu ya vitendo, pale unapopewa mgonjwa, saa inakwenda, na mtahini ameketi pembeni na kalamu yake. Mgonjwa wangu alikuwa msemaji, nami nikamfuata kila alikokwenda. Kengele ikalia hata kifua chake sijakigusa. Mtahini akaniambia kwa upole, "Dada, hujui kumkatiza mtu." Nilirudi Mtwara na maneno hayo, nikajiapia kwamba mara ya pili nitakuwa nimejua.

Basi nikapata saa ya mkononi yenye mshale wa sekunde, nikaanza kujipima. Nilijipima kwa wagonjwa wa kweli, wale waliokuja kwetu kila asubuhi. Kosa langu lilianzia hapo, mwanangu, wiki nyingi kabla ya ile mia moja na arobaini. Kila aliyeketi mbele yangu nilimwona kama zoezi. Mzee mmoja wa Nanyamba aliyeungua mikono kwa mafuta ya maganda ya korosho alikuwa dakika sita na nusu. Mama mwenye homa alikuwa dakika tano, nikafurahi. Nilikuwa naziandika dakika hizo nyuma ya daftari langu, naona zinapungua, nikadhani naelekea kuwa daktari mzuri.

Na kulikuwa na jambo jingine. Kule nilikosomea, mgonjwa akiketi tu anasema: hapa panauma, tangu jana. Kwetu sivyo, na wewe unajua. Kwetu mtu anaweza kuletwa amebebwa, ukamuuliza habari, akakujibu nzuri. Hadanganyi. Salamu ni salamu, inajibiwa kama salamu. Shida huja baadaye, ukishauliza habari za nyumbani, za watoto, za shamba, na ikija hutanguliwa na neno moja: ila. "Nzuri, dokta, ila..." Nimelelewa katika adabu hiyo. Bibi yangu alipokuwa mgonjwa wa kitandani, aliwajibu wageni wake "sijambo" mpaka wiki aliyofariki. Miaka sita ya baridi na saa mpya mkononi vilitosha kunisahaulisha.

Zilikuwa zimebaki wiki tatu mtihani wa pili ufanyike. Kitabu changu cha mafunzo kilitakiwa kuondoka na basi la Ijumaa kwenda Dar es Salaam. Kisipofika, jina langu lisingekuwemo kwenye orodha. Na kitabu kilidai wajawazito thelathini niliowapima mwenyewe kwa ukamilifu, kila mmoja na mstari wake, na pembeni sahihi ya mkunga mkuu wa kliniki. Nilikuwa na ishirini na tisa. Siku yenyewe ilikuwa Alhamisi.

Mkunga mkuu alikuwa Sista Tekla, Mmakonde wa bara, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kufika mpaka getini. Alinipenda, lakini hakuacha kunitania kwa ajili ya kwetu pwani. "Ninyi watu wa Mikindani," alikuwa akisema, "mkipewa kazi mnaanza kwa kutafuta kivuli." Asubuhi hiyo alinipa salamu yake hiyohiyo, kisha akaitwa upande wa kujifungulia, akaniachia kliniki.

Kwenye benchi walikuwepo wengi. Niliyemwita wa kwanza alikuwa binti wa miaka kama ishirini, mimba ya miezi minane, ameongozana na mama yake mkubwa. Jina lake lilikuwa Mwajuma. Walikuwa wametoka chini kabisa, kwenye mdomo wa Ruvuma, wakapanda gari la mizigo tangu alfajiri. Miguu yao ilikuwa na matope makavu ya kule, yale meupe. Niliyaona, nikayasahau palepale, maana nilikuwa naangalia mshale wa saa.

"Hamjambo?"

"Hatujambo, dokta. Shikamoo haikuhusu, u mdogo," mama mkubwa akasema akicheka. "Habari za kazi?"

"Nzuri. Habari za tumbo, Mwajuma?"

"Nzuri," Mwajuma akajibu, macho chini.

Nikaandika: hana malalamiko.

"Na wewe hujambo huko nyumbani?" mama mkubwa akaendelea, anajikalisha vizuri kitini. "Mama hajambo? Sura yako ya Mikindani hiyo. Wa mtaa gani?"

"Mama, tuendelee," nikamwambia. "Watu wengi."

Akanyamaza. Nimelifikiria sana lile kunyamaza kwake. Alikuwa ananipeleka kwenye shida yao kwa njia anayoijua, njia ile ya kupitia kwa mama yangu na mtaa wetu, nami nikamfungia mlango katikati.

Nilimpima Mwajuma presha, ilikuwa nzuri. Nikampandisha kitandani, nikapima tumbo kwa utepe, sawa na miezi yake. Nikanyoosha mkono kuchukua pembe. Hivyo ndivyo tulivyoiita: kibomba cha mbao chenye mdomo mpana upande mmoja, unakiweka juu ya tumbo, sikio lako upande wa pili, unausikia moyo wa mtoto. Haikuwepo. Kliniki ilikuwa na mbili. Moja ilipasuka, nyingine alikuwa nayo Sista Tekla. Kuifuata ilikuwa kuvuka ua, kumsubiri amalize na mzazi, kurudi. Nikatazama saa. Dakika sita.

Vitabu vyetu vilisema moyo wa mtoto tumboni hupiga kati ya mara mia moja na ishirini hadi mia moja na sitini. Nikachagua katikati.

Nilimpa vidonge vya kuongeza damu, nikamwambia arudi baada ya wiki mbili. Mlangoni Mwajuma alisimama, mkono mmoja tumboni, akamtazama mama yake mkubwa. Mama mkubwa akageuka.

"Haya, dokta, tunashukuru sana. Ila..."

"Anayefuata!" nikaita, maana dakika ya saba ilikuwa inakaribia.

Saa saba mchana nilimpelekea Sista Tekla kitabu changu. Alikuwa anakunywa chai yake ya kwanza tangu asubuhi. Alivaa miwani, akapitisha kidole kwenye mstari wa thelathini, akaanza kusoma kwa sauti kama alivyozoea. Presha. Kimo cha tumbo. Alipofika kwenye mapigo ya moyo, kidole kikasimama.

"Mia moja na arobaini. Saa ngapi hii?"

"Saa tatu, Sista."

Aliweka kikombe chini. Akaingiza mkono mfukoni mwa aproni, akatoa pembe, akaiweka juu ya kitabu changu, kati yangu na yeye.

"Hii nilikuwa nayo tangu saa mbili," akasema. "Haijatoka hapa. Wewe ulimsikiliza kwa kitu gani? Kwa kiwiko?"

Nilitegemea anipigie kelele, nami kelele zake nilizizoea, zilikuwa zinapita. Lakini sauti yake ilishuka, na hilo ndilo lililoniogopesha.

"Binti wa Ruvuma huyu? Mwenye mama mkubwa msemaji?"

"Ndiyo."

"Nilikutana nao getini. Mama mkubwa ameniuliza kama yule dokta kijana amekasirishwa na mtu. Nikamuuliza kwa nini. Akaniambia, hakutuacha tufike kwenye shida. Nikamwambia haya, semeni. Wakasema mtoto hajacheza tumboni tangu Jumanne."

Alivua miwani.

"Nikaomba kadi. Nikaona mia moja na arobaini. Nikawaambia, moyo umesikika leo hii, tena vizuri, watoto wengine hupumzika, nendeni kwa amani. Wakaenda kwa amani. Pembe iko mfukoni mwangu, Zainabu! Ningemlaza pale kwenye benchi la mlinzi, ningesikiliza kwa dakika moja. Sikuona haja. Niliamini kadi yako."

Mwanangu, nimekemewa na wengi, lakini sijawahi kukemewa na mtu aliyekuwa anajikemea na yeye. Laiti ningeacha nafasi ile wazi, Sista Tekla angeijaza kwa sikio lake palepale getini. Tarakimu yangu ilimziba masikio mkunga bora kuliko wote niliowahi kufanya nao kazi.

Tulikimbia stendi ya magari ya mizigo. Gari la kule lilikuwa limeondoka. Sista Tekla akarudi hospitalini, akasimama mbele ya meza ya daktari msimamizi, akaomba gari, wala hakueleza zaidi ya kusema kuna mama anatafutwa. Tulipewa. Njiani dereva aliuliza mara moja kama mgonjwa ni ndugu yetu, na Sista Tekla akamjibu, "Ndiyo."

Tulifika Kilambo, kando ya Ruvuma, jua limeinama. Kwenye rejesta yetu Mwajuma aliandikwa ni wa Kilambo, lakini pale watu walimjua kwa sura tu. Mwanamke aliyekuwa anauza muhogo wa kuchemsha karibu na mto akatuambia hao ni watu wa ng'ambo, Msumbiji. Huja upande huu kwa kliniki kisha hurudi kwao. Walikuwa wamevuka.

"Wamevuka na maji ya mwisho," akasema. "Yule binti alikaa katikati ya mtumbwi, kashika tumbo kwa mikono miwili, hivi." Akatuonyesha.

Maji ya mto yalikuwa yamekupwa. Mbele yetu ulikuwa mchanga, vidimbwi, na mikoko imesimama juu ya mizizi yake, na mitumbwi imelala upande. Hakuna wa kuvuka mpaka kesho, na gari la hospitali lilitakiwa kurudi. Niliandika barua pale pale juu ya boneti: Mwajuma aende haraka kituo chochote cha afya kilicho karibu, asikilizwe mtoto, nilichoandika kwenye kadi si kweli. Nikatia jina langu. Yule mama wa muhogo akaifunga kwenye pindo la khanga yake, akaahidi kumpa mtu wa kwanza atakayevuka asubuhi.

Ijumaa nilifika kazini mapema. Kitabu kilikuwa mezani, na basi lingeondoka saa nne. Mstari wa thelathini ulikuwepo, umejaa, unapendeza, unakosa sahihi tu. Sista Tekla akaingia, akakifungua, akakigeuza kinitazame.

"Mimi sitakushtaki kwa mtu," akasema. "Na sitasaini. Kalamu unayo wewe."

Nilifikiria mtihani. Nilifikiria mama yangu, ambaye alikuwa ameshawaambia majirani kuwa mwezi ujao kutakuwa na dua ya shukrani. Nilifikiria pia, sitaki kukuficha, kwamba Ijumaa hiyohiyo ningeweza kumwita mjamzito mwingine, nikampima kwa ukamilifu kabla ya saa nne, nikabandika karatasi juu ya mstari ule. Mkono wangu ulikuwa umeshaanza kutafuta gundi. Kisha nikamwona akilini yule mama wa muhogo akinionyesha jinsi Mwajuma alivyoshika tumbo. Nikachukua kalamu nyekundu, nikaukata mstari, na pembeni nikaandika: sikumsikiliza. Nikampelekea daktari msimamizi.

Alikuwa mtu wa maneno machache. Alisoma, akaniuliza kama naelewa kwamba kitabu chenye mstari kama huo hakitaondoka na kwamba nafasi nyingine ni baada ya miezi sita. Nikasema naelewa. Akauliza kama yule mama amepatikana. Nikasema hapana. Akafunga kitabu, akanirudishia, akasema nikaendelee na kazi.

Nilikwenda Mikindani jioni kumweleza mama. Nilianza na mtihani, nikazunguka, nikafika kwa Mwajuma mwishoni kabisa. Mama alikuwa anachambua mchele. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Huyo binti ana mama?" akauliza.

"Ana mama mkubwa."

"Basi habari za mtihani usinieleze mimi." Akaendelea kuchambua. Baada ya muda akasema, "Dua tutasoma. Tutaisoma kwa ajili yake."

Mwezi uliofuata nilivuka mto mwenyewe. Nilitembea vijiji viwili siku nzima. Kina Mwajuma walikuwepo wengi; mmoja alikuwa bibi kizee aliyecheka sana kusikia natafuta mjamzito. Kwenye nyumba moja nilionyeshwa mlango uliofungwa kwa kamba, nikaambiwa waliokuwa wakiishi humo wamehamia upande wa Palma, hukohuko Msumbiji, kutafuta kazi, na ndiyo, walikuwa na binti, na ndiyo, alikuwa na tumbo. Alijifungua huko au hapa? Jirani hakujua. Barua je? Hakuwahi kuona barua.

Miezi sita ile Sista Tekla alinifundisha upya. Alinivua saa kila asubuhi, akaiweka kwenye droo yake pamoja na vijiko. Alinikalisha kando yake nimtazame anavyosalimia. Alimuuliza mama wa watu habari za korosho, kama zimepuliziwa dawa, kama mvua imeziharibu, mkono wake mmoja ukiwa tayari juu ya tumbo, jicho lake likisoma miguu kama imevimba. Salamu haikumchelewesha. Alikuwa anapima akisalimia, na shida ilipofika alikuwa ameshaisubiri. "Umesikia?" alikuwa akininong'oneza. "Ila hiyo. Sasa ndiyo unafungua masikio." Alipenda kunikumbusha kwamba watu wa Mikindani wana masikio yanayofanya kazi bila pembe, na ilichukua muda mrefu kabla sijaweza kucheka.

Nilifanya mtihani mara ya pili. Mgonjwa wangu alikuwa mzee aliyevaa kanzu safi, mikono ameiweka magotini. Nikamwamkia. Nikamuuliza habari za nyumbani, na nilipokuwa namuuliza nilikuwa nimeshamshika mkono nikihesabu mapigo yake kwa saa ya ukutani. Mtahini aligonga kalamu mezani mara mbili. Mzee akasema nyumbani kwema, watoto hawajambo, wajukuu wanasoma. "Ila, binti yangu, nikilala chali nabanwa na pumzi, na haya sijamwambia hata mke wangu." Alichokisema hapo ndicho kilichokuwa ugonjwa wake. Kengele ililia sijamaliza kumpima miguu, na maksi za miguu nilizipoteza. Nilifaulu, lakini siyo kwa kishindo.

Sasa nikwambie ninachotaka ukibebe. Soma. Usinielewe vibaya ukadhani nadharau maswali ya mitihani iliyopita au saa. Mtihani ni wa haki, na mtu asiyejua kupanga kazi yake atawachelewesha wagonjwa kumi kwa ajili ya mmoja. Lakini saa itumieni ninyi kwa ninyi, pale barazani kwangu, ambapo mgonjwa wa bandia akikatizwa hapotezi kitu. Mgonjwa wa kweli asiwe zoezi lako hata siku moja. Mwachie afike kwenye ila yake, nawe mikono yako iwe inafanya kazi wakati unamsubiri. Na usichokisikia usikiandike. Utachoka, utaharakishwa, utadaiwa kitabu kijae, na utaona kwamba tarakimu ya katikati haimdhuru mtu. Acha wazi. Nafasi iliyo wazi kwenye kadi humwita mwenzako aje aangalie. Tarakimu ya uongo humwambia apite. Utaona haya mbele ya msimamizi wako, na haya hiyo itapita. Mimi nilipoteza miezi sita, na leo siikumbuki hata majira yake.

Mungu akujalie masikio yasiyo na haraka, mwanangu. Akufungulie mtihani wako, na siku utakayopewa leseni akupe mtu kama Sista Tekla, wa kuweka pembe mezani mbele yako na kukuuliza umesikia kwa kitu gani. Aibariki mikono yako na kila tumbo utakaloligusa. Amina.

Sista Tekla alifariki miaka kadhaa iliyopita. Mpaka alipostaafu, alimuuliza kila mama aliyefika kliniki kutoka upande wa mto kama anamfahamu Mwajuma mwenye mama mkubwa msemaji, nami nimeendelea kuuliza baada yake. Mwaka jana mwanamke mmoja aliyetoka Palma aliniambia anamjua Mwajuma wa namna hiyo, na kwamba ana kijana mkubwa, fundi wa pikipiki. Nilimuuliza kama ni mtoto wa kwanza. Akafikiri, akasema hana hakika, huenda alikuwepo mwingine kabla yake.

Kitabu changu kipo kabatini, na mstari wa thelathini bado umekatwa kwa nyekundu. Chini yake niliandika mapigo ya mtoto wa mjamzito mwingine niliyemsikiliza mwenyewe, na Sista Tekla akasaini. Ule wa juu yake hadi leo sijui niujaze nini.